UBAO HUSUBIRI, MCHEZAJI HASUBIRI

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani hivi sasa,

Katika mkutano wetu uliopita lilizuka jambo dogo lililotuchukua muda mrefu. Kamati ilikuwa na akiba kidogo, na mwenzetu mmoja akapendekeza tuwanunulie wanafunzi michezo mipya ya mezani: sataranji, drafti, bao, keram na Scrabble. Mwingine akasimama akasema tusubiri kwanza mpaka bwalo likarabatiwe, kabati lenye kufuli lipatikane, na bei zipungue. Upande mmoja ukatukumbusha kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Upande wa pili ukajibu kuwa subira huvuta heri. Tukaagana bila ya kukata shauri.

Mimi siku ile nilinyamaza, ingawa nilikuwa na la kusema. Mhariri ameniomba niandike historia kidogo ya michezo hii, nami nimeona niitumie nafasi hii kulisema lile nililolinyamazia.

Mchezo wenyewe hauna haraka

Kwanza hapana budi tuwape haki yao wale wanaosema tusubiri, kwani historia inawaunga mkono kwa kiasi fulani. Mchezo mzuri haumkimbii mnunuzi.

Tuuchukue mfano wa Scrabble. Uliasisiwa Marekani katika miaka ya 1930 na Alfred Butts, msanifu wa majengo aliyekosa kazi wakati uchumi wa dunia ulipoanguka. Viwanda vya michezo viliukataa. Mwaka 1948 James Brunot akaanza kuutengeneza kwa mikono yake na wasaidizi wachache. Mwaka 1949 aliuza seti zipatazo 2,400 na bado akapata hasara. Ilipofika mwaka 1952 maduka makubwa yakaanza kuuagiza, na ghafla hakuweza kutosheleza wateja.

Hali kadhalika Monopoly. Mwanamke wa Kimarekani, Elizabeth Magie, alipewa hataza ya mchezo wa asili yake mwaka 1904, na shabaha yake ilikuwa kuwafunza watu ubaya wa wenye ardhi kuwanyonya wapangaji. Miaka 30 baadaye, mwaka 1934, Charles Darrow aliupeleka mchezo uliotokana na huo kwa kampuni ya Parker Brothers, nayo ikaukataa. Mwaka 1935, baada ya kuona unavyouzika, kampuni ile ile ikaununua. Ilikuwa imesubiri, na haikupoteza kitu.

Ubao nao una subira kuliko hata mchezo. Kati ya mwaka 1922 na 1934, Mwingereza Leonard Woolley alifukua makaburi ya kale huko Ur, kusini mwa Iraki. Humo alikuta mbao za mchezo zenye vyumba 20, zilizonakshiwa kwa makombe na mawe ya buluu, zenye umri wa miaka ipatayo 4,500. Mbao zilikuwapo, lakini waliozicheza walikuwa mavumbi. Namna ya kucheza ilikuja kufahamika kwa kiasi katika miaka ya 1980, pale Irving Finkel wa British Museum aliposoma kibao cha udongo kilichoandikwa Babeli mwaka 177 kabla ya Kristo. Na kibao hicho kinaeleza mchezo ulivyokuwa zaidi ya miaka 2,000 baada ya mbao zile kuzikwa.

Hapo ndipo hoja ya kusubiri inapoanza kuchechemea. Kilichosubiri Ur kilikuwa ubao. Mkono ulioujua haukusubiri.

Bao letu

Ama kuhusu bao la Kiswahili, jambo hili ni wazi zaidi. Ubao wake una mashimo 32 katika safu nne, na kete zake ni 64, aghalabu komwe. Kila mchezaji ana kete 32. Huanza na 10 ubaoni, yaani 6 katika nyumba na 4 katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zilizobaki huwa mkononi, akizitia moja moja mpaka ziishe. Hiyo ndiyo namua. Baada yake huja mtaji, ambapo mchezo mzima huchezwa kwa kete zilizoko ubaoni.

Hayo naweza kuyaandika katika mistari michache. Lakini hakuna aliyejua bao kwa mistari michache. Wakati gani uilinde nyumba na wakati gani uiachie, namna ya kutakata bila ya kumfungulia mwenzako mlango, namna ya kuhesabu mizunguko kichwani kabla ya kugusa kete: mambo hayo hufunzwa na mtu aliyeketi mbele yako, akikufunga leo, na kesho, na kesho kutwa. Ndiyo maana anayeanza huwekwa kwanza kwenye bao la kujifunza, lenye kete mbili mbili katika kila shimo, na mkubwa wake akiwa kando.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilitungia bao shairi. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kulipenda. Watu wa daraja zote wameketi mkekani kulicheza, na asiye na ubao amechimba mashimo ardhini. Bao limefika kwetu kwa mikono ya watu, bila ya kupitia dukani.

Mwaka tuliosubiri

Sasa niseme lile nililolinyamazia mkutanoni.

Mwanzoni mwa mwaka 1978 mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati ya michezo ya wanafunzi. Mtakaokumbuka mtakumbuka kuwa nyuma ya jiko palikuwa na mzee mmoja mpishi, ambaye jioni akishamaliza kazi huweka bao lake chini ya mwembe. Hakuna mwanafunzi aliyemfunga. Tulikuwa sita au saba tuliokuwa tukimzunguka kila siku, na ubao ulikuwa mmoja, tena ni wake. Akatushauri tutoe fedha kidogo, fundi seremala wa kijijini atuchongee mbao mbili, ili wengi wajifunze kwa wakati mmoja.

Fedha tulikuwa nazo. Lakini mimi nilitaka tununue kila kitu kwa mkupuo mmoja, pamoja na sataranji za kutoka nje zilizokuwa katika orodha ya duka moja mjini. Zilikuwa ghali kidogo kwetu. Nikasema tusubiri mwaka ujao, mfuko utakuwa umenona. Wenzangu wakaniunga mkono, na mzee akacheka tu akasema, "Haya wajukuu, mkiwa tayari mniambie."

Mwaka ujao ulikuja na mambo yake. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na nchi ikaingia vitani. Mwaka 1979 bei ya mafuta ilipanda duniani. Fedha za kigeni zikawa haba, na katika miaka iliyofuata tulipanga foleni kwa ajili ya sabuni na sukari, sembuse sataranji. Fedha nayo ikaendelea kuchakaa: mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilikuwa chini ya shilingi 20 kwa bei rasmi, na kufikia mwaka 1990 ilikuwa inakaribia 200. Aliyeweka shilingi akisubiri bei ishuke alijikuta amebaki na karatasi.

Lakini hasara yetu kubwa haikuwa hiyo. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1978 mzee alistaafu, akapanda basi kwenda kwao akiwa na bao lake kwapani. Mbao mbili za seremala, ambazo hazikuhitaji fedha ya kigeni hata senti moja, hazikuchongwa. Sisi sita au saba tukamaliza shule tukatawanyika. Niliporudi kutembea shuleni miaka michache baadaye, sikumkuta mwanafunzi hata mmoja ajuaye namua ni nini.

Nilikuta jambo moja la kunifariji. Chini ya mwembe ule ule vijana walikuwa wakicheza drafti. Walikuwa wamechora vyumba juu ya kipande cha boksi, na kete zao zilikuwa vizibo vya soda, upande mmoja wamevigeuza juu chini. Hawakuwa wamemsubiri mweka hazina yeyote.

Shauri langu

Wako watakaosema kwamba hayo yalikuwa mambo ya wakati mgumu, na kwamba leo madukani kila kitu kipo. Ni kweli. Lakini kipimo cha muda wa shule hakijabadilika. Kwa sisi tulioko nje, miaka miwili ya kusubiri bwalo likarabatiwe ni mikutano michache tu. Kwa mwanafunzi wa kidato cha tano miaka miwili ndiyo shule yake yote. Tukimwambia asubiri, tunamwambia kwamba hatacheza.

Tuwatazame pia majirani zetu wa Uganda. Mwaka 2004 Robert Katende alianza kuwafundisha sataranji watoto wa Katwe, mtaa wa kimaskini jijini Kampala. Hakusubiri mtaa upate neema kwanza. Mmoja wa watoto hao, Phiona Mutesi, aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiadi ya sataranji, na mwaka 2012 huko Istanbul akajipatia cheo cha kimataifa cha wanawake.

Kwa hiyo ninapendekeza hivi. Vya ghali tuvisubirie: Scrabble na meza za keram hazitakimbia, na kabati lenye kufuli ni jambo la busara. Lakini mbao nne za bao zichongwe muhula huu, na seti chache za drafti na sataranji zinunuliwe pamoja nazo. Na pamoja na mbao hizo, tutafute wazee wawili au watatu wa hapa jirani wanaolijua bao barabara, tuwalipie nauli, waketi na vijana kila Jumamosi alasiri. Bila ya wao tutakuwa tumenunua mbao za kuzikia, kama zile za Ur.

Nanyi wadogo zetu, msitungoje. Chimbeni mashimo 32 chini ya mwembe, okoteni kokoto 64, na mmwite mzee yeyote apitaye njiani. Mimi mwenyewe nitakuja katika mkutano ujao na ubao wangu. Nimesahau mengi, na nadhani mtanifunga. Nitafurahi mkinifunga.