Upinde Upi Ungechagua? Kisa cha Wawindaji wa Tsavo



Kila Ramadhan, baada ya Alasiri, madrasa yetu ilikuwa na darsa ya sira. Ustadhi akifika kwenye vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, sote tulikuwa kimya: wapiga mishale 50 juu ya kilima, wameamrishwa wasibanduke. Tulijua idadi yao, na kosa lao tulilijua. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza pinde zao zilikuwa za aina gani. Miaka ikapita. Siku moja nikiwa kwenye basi la kwenda chuo, tukipita Tsavo, mzee mmoja niliyekaa naye akaniambia, "Mwanangu, humu ndimo walimokuwa mabingwa wa upinde." Nikacheka. Nilidhani ni hadithi za safarini. Baada ya kusoma, sicheki tena.

Hebu tuanze na swali. Chukulia wewe ni mwindaji wa zamani. Bunduki huna, na watoto nyumbani wanangoja nyama. Umewekewa pinde mbili, zote za kazi ya mkono. Utachukua upi?

Wa kwanza ni mfupi, na ncha zake zimepinda kwenda mbele. Huu si mti mtupu. Ndani una ubao, upande unaomwelekea mpigaji umebandikwa pembe ya mnyama, na upande wa nje umebandikwa kano, vyote vimeshikwa kwa gundi ya mnyama. Fundi aliuacha ukauke miezi na miezi, na mwengine ulichukua zaidi ya mwaka. Ni upinde wa Waturuki, Waajemi na Mamluk wa Misri. Kwa sababu ni mfupi, mtu huutumia juu ya farasi bila kujigonga, na mshale wake huenda mbali sana. Mjini Istanbul kuna uwanja uitwao Ok Meydanı, ambako mawe yalisimamishwa kuonyesha mishale ya mabingwa ilikoangukia.

Wa pili ni mrefu, karibu kimo cha mtu mzima. Ni mti mmoja tu, umechongwa ukanyooshwa, ukatiwa upote, yaani kamba yake. Ukiutazama utasema ni fimbo.

Wengi wetu tungekimbilia ule wa kwanza, kwa sababu una sifa na historia ya masultani. Lakini ndugu yangu, upinde hauchaguliwi kwa sifa. Mwindaji hujiuliza mambo manne. Nawinda mnyama gani? Nitampiga kwa umbali gani? Nchi yangu ina hewa gani? Na mkono wangu una nguvu kiasi gani?

Anza na hewa. Gundi na kano haziwezani na unyevunyevu. Upinde wa Mturuki ukikaa kwenye joto la pwani na mvua zake, hulegea na huweza hata kubanduka. Upinde wa mti mmoja hauna gundi ya kuyeyuka, na ukivunjika utachonga mwengine. Halafu mwindaji wa miguu hana farasi, basi urefu haumsumbui. Tena upinde mrefu ukivutwa hukunjika kidogo kidogo, haubani vidole sana, na si mwepesi wa kuvunjika. Na usidhani upinde wa mti ni wa watu wasiojua. Hata Hijazi pinde nyingi zilikuwa za mti, na mti uliosifika ulikuwa nab'. Kwa hivyo huenda wale 50 wa Uhud walishika kitu kinachofanana zaidi na "fimbo" hii kuliko upinde wa sultani.

Sasa turudi kwa yule mzee wa basini. Watu aliowataja ni Waata, ambao vitabu vya wakoloni viliwaita Waliangulu. Wanasema lugha ya jamii ya Oromo, na waliishi kwa kuwinda katika nyika iliyo nyuma ya Malindi mpaka Tsavo. Mnyama wao mkubwa alikuwa ndovu. Fikiria hilo! Ngozi ya ndovu si mchezo, na mshale lazima upenye uingie ndani. Ndiyo maana wakachagua upinde mrefu mzito ajabu. Zilipopimwa, pinde zao zilipita ratili 100 za kuvuta, yaani zaidi ya kilo 45. Linganisha na majimbo kadhaa ya Marekani ambayo humtaka mwindaji wa kulungu awe na upinde usiopungua ratili 35 au 40 hivi. Kijana wa Kiwaata hakuupata upinde ule dukani. Mkono wake ulikua nao tangu utotoni.

Nguvu peke yake haikutosha. Chembe cha mshale kilipakwa sumu ya mti ambao Wagiriama huuita mutsungu, kisha kikafungwa kwa kipande chembamba cha ngozi ili sumu isikauke na mwenyewe asijidunge. Sumu hiyo hushika moyo. Wataalamu waliiita ouabain, jina lililotoka kwenye neno la Kisomali, waabaayo. Ikiingia damuni huua, lakini tumboni haina nguvu sana, ndiyo sababu nyama ililiwa. Na kwa kuwa mshale ulitaka mahali maalumu, mwindaji alinyatia mpaka akawa hatua chache tu kutoka kwa ndovu, akipima upepo. Akikosea, ni yeye na Mola wake.

Sasa sehemu inayouma. Sheria za mkoloni zilitaka leseni. Mzungu mwenye leseni na bunduki akaitwa mwindaji, Mwaata mwenye upinde akaitwa jangili. Mwaka 1948 Tsavo ikafanywa mbuga ya taifa. Katika 1956 na 1957 ikaendeshwa operesheni kubwa dhidi ya ujangili, na wawindaji wengi wakatiwa jela. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, mashariki ya mbuga, ili Waata wapate riziki ya halali kutokana na ndovu. Lakini kazi ya kuua ilifanywa kwa bunduki, upinde ukawekwa kando. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Wala tusiseme ndovu wakapona: majangili wa bunduki waliingia, na hesabu ya 1988 ilikuta ndovu chini ya 6,000 katika eneo zima la Tsavo, mahali palipokuwa na makumi ya maelfu.

Sisemi Waata hawakuua ndovu. Waliua, na wengine walijeruhiwa wakaenda kufia mbali. Ila tujiulize, pembe zile zilikwenda wapi? Zilishuka pwani, kwetu. Al-Mas'udi, aliyefika pande hizi katika karne ya 10, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, kisha India na China. Zaidi ya miaka elfu moja wafanyabiashara wa pwani walinunua na kuuza, na wengi wao walikuwa Waislamu wenzetu. Aliyevuta upinde ndiye aliyekwenda jela. Aliyeshika mizani hatumsikii akitajwa.

Kijana mwenzangu, sikwambii ukachonge upinde uingie porini. Sheria hairuhusu, na ndovu waliobaki ni amana. Ninachokuomba ni kidogo. Tunaposimulia wapiga mishale wa Uhud na masultani wa Istanbul, tusiwasahau jirani zetu, ambao jina lao watu walilifanya tusi. Waata bado wapo Kilifi na Tana River, na wazee waliouvuta upinde ule wanazidi kuondoka. Mwezi huu tunafuturu pamoja na kuulizana hali. Ukikutana na mmoja wao, mpe heshima yake, kaa naye, muulize alichaguaje upinde wake. Haki nyengine huanza kwa kusikiliza.

Wallahu aalam. Ramadhan karim.