Mantra za Wahindu: Maneno Yaliyotunzwa Kinywani

Mwezi wa Aprili mwaka wa 1498, merikebu za Wareno zikiongozwa na Vasco da Gama zilitia nanga Malindi, na bandarini humo zilikuta merikebu nne za wafanya biashara wa Bara Hindi. Mmoja wa Wareno hao aliandika habari za safari yao, na maandiko yake yangaliko hata leo. Asema kwamba Wahindi hao walipokwea merikebuni walionyeshwa picha ya Bikira Maria, wakasujudu mbele yake, wakatoa karafuu na pilipili manga ziwe sadaka. Na siku Da Gama alipopita mashuani karibu nao, waliinua mikono wakapaza sauti kutaja jina, na Wareno wakasikia, "Kristo! Kristo!" Wakafurahi mno, wakiyakinisha kuwa wamekuta Wakristo wenzao. Mwandishi yule ataja pia kwamba watu hao walisema hawali nyama ya ng'ombe, walakini jambo hilo halikumtia shaka.

Wanahistoria wa siku za baadaye ndio walioshikwa na shaka. Waonavyo wengi wao, watu wale walikuwa Wahindu, yaani wale ambao watu wa pwani yetu waliwaita Banyani, na jina walilolitaja yamkini lilikuwa Krishna, mmoja wa miungu yao wapendwao sana. Basi katika mlango wa bandari yetu jina takatifu lilitoka kinywani likiwa moja, likaingia sikioni likiwa jingine. Jambo hili laweza kutuchekesha, lakini kwa Wahindu lina uzito mkubwa kuliko tudhanivyo, kwa kuwa dini yao ya zamani ilijengwa juu ya msingi huu: neno takatifu lazima litoke sawasawa na lisikike sawasawa. Neno la namna hiyo huitwa mantra, na leo twataka kueleza habari zake, na hasa swali moja lililowagawanya Wahindu muda wa karne nyingi: ni nani aliye na ruhusa ya kulitamka?

Mantra ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi. Shina lake lina maana ya kufikiri, na mwisho wake ni ule utumiwao kwa majina ya vyombo. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba mantra ni chombo cha fikira, kama vile jembe lilivyo chombo cha kulimia. Yaweza kuwa silabi moja tu, kama ile Om ambayo kwayo sala nyingi huanza. Yaweza kuwa jina la Mungu. Yaweza kuwa ubeti mzima. Mantra za kale kuliko zote zimo katika Rigveda, mkusanyo wa nyimbo 1,028 zilizotungwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita katika nchi ya Punjab na jirani zake. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Gayatri. Ina mistari mitatu, na kila mstari kwa kipimo chake una silabi nane. Yaelekezwa kwa Savitri, mungu wa jua, na maombi yake ni kwamba nuru ya mungu huyo iziamshe akili za wale wanaoomba. Haiombi mali, wala mvua, wala ushindi vitani. Wahindu wengi huisema alfajiri wakielekea mashariki.

Hebu sasa tufikiri. Nyimbo elfu na zaidi, nazo zilitungwa na watu wasiokuwa na maandishi. Hata baadaye, maandishi yalipopatikana, waalimu wao waliona kuiandika Veda ni kuishusha heshima yake, maana wino hauna sauti. Je, ilihifadhiwaje?

Ilihifadhiwa vinywani mwa Mabrahmini, ndio watu wa tabaka la makuhani. Mtoto wa kiume alipelekwa kwa mwalimu yapata miaka minane, akakaa huko miaka mingi. Mwalimu alisema, mtoto akarudia. Akasema tena, akarudia tena. Wale waliopita karibu na chuo cha Kurani wakasikia sauti za watoto wakati wa asubuhi hawatastaajabu kwa hayo. Lakini Mabrahmini walizidisha. Kwanza mwanafunzi alijifunza ubeti kama ulivyo. Kisha alijifunza neno moja moja, kila moja peke yake. Kisha maneno yalisukwa kama ukili. Mathalan tuchukue maneno yetu wenyewe, "jua lachomoza mashariki daima." Mwanafunzi wa Veda angeyasema hivi: jua lachomoza, lachomoza jua, jua lachomoza mashariki, mashariki lachomoza jua, jua lachomoza mashariki. Halafu husogea neno moja mbele: lachomoza mashariki, mashariki lachomoza, lachomoza mashariki daima, daima mashariki lachomoza, lachomoza mashariki daima. Hivyo mpaka mwisho. Kwa namna hii kila neno la katikati hutamkwa mara 13, likiwa na majirani zake mbele na nyuma. Neno likianguka, au jingine likijipenyeza, kosa hujulikana mara moja, kama uzi unaokatika katika mkeka.

Tena si maneno tu. Kila silabi ina kiwango chake cha sauti: ya juu, ya chini, au yenye kuteremka. Katika nchi ya Kerala, kusini mwa Bara Hindi, mwalimu humshika mwanafunzi kichwa akakiinua na kukiinamisha kwa kufuata sauti, hata mwili wenyewe ukajifunza. Na kuna hadithi ya kale yenye kueleza sababu ya ukali huo. Tvashtri, fundi wa miungu, aliuawa mwanawe na Indra, mfalme wa miungu. Akafanya kafara ya moto ili azaliwe mtu atakayemwua Indra. Walakini alipotamka neno la kafara alikosea mkazo, na neno lililokusudiwa kuwa "mwenye kumwua Indra" likawa "ambaye Indra ndiye mwuaji wake." Akazaliwa jitu kubwa, Vritra, na Indra akamwua. Msomaji asidhani kuwa mambo haya yako mbali naye. Sisi Waswahili twasema barabara kwa njia pana ipitayo magari, na barabara kwa jambo lililo sawasawa. Herufi ni zile zile, ila mkazo umehama.

Mwaka wa 2003 shirika la UNESCO liliutangaza usomaji huu wa Veda kwa sauti kuwa miongoni mwa hazina za wanadamu wote. Sisi twaona ni haki. Majumba ya wafalme wa zama zile hayako, lakini sauti zao zipo.

Sasa, faida yake rohoni ni nini? Hapa hatuna budi kuwasikiliza wenyewe. Wahindu husema kwamba fikira za mtu ni kama tumbili arukaye tawi hata tawi, na kwamba mantra ikirudiwa-rudiwa humpa tumbili huyo tawi moja la kukaa. Kurudia huko huitwa japa. Wengi hutumia ushanga wa punje 108, wakizivuta moja moja kwa vidole, kama vile Waislamu wafanyavyo na tasbihi zao na Wakatoliki na rozari yao. Katika Bhagavad Gita, Krishna ataja sadaka za namna mbalimbali, akaihesabu japa kuwa ndiyo iliyo yake. Na kitabu cha sheria za kale kiitwacho Manu kimeweka daraja: japa ya sauti yazidi kafara mara kumi, ile isiyosikiwa na mtu mwingine mara mia, na ile ya moyoni mara elfu. Ajabu ni kwamba watu wale wale walioipima sauti kwa uangalifu namna ile walifika mahali pa kusema kwamba sala kuu kuliko zote haina sauti.

Wale waliolelewa katika shule za misheni waweza kuuliza kama kurudia maneno si kupayuka tu. Twajibu kwa habari moja. Mwaka wa 2001 waganga wa Italia waliwapima watu wazima 23, wakisali rozari kwa Kilatini na wakitamka mantra moja ya Kibuddha. Katika hali zote mbili pumzi ilitulia ikawa yapata sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mwendo wa pumzi kwa taratibu iliyo njema kwa mwili. Kipimo hicho hakikuwaambia waganga lo lote juu ya Mungu, wala hakikukusudiwa hivyo. Kiliwaonyesha kwamba watu wa dini mbili zilizo mbali walikuwa wamegundua mwendo mmoja wa pumzi.

Lakini turudi katika swali letu. Ukali ule ule ulioihifadhi mantra ulikuwa pia ukuta. Gayatri ilifundishwa wavulana wa matabaka matatu ya juu tu, siku ya kuvikwa uzi mtakatifu. Wanawake kwa desturi ya karne nyingi walizuiwa, na watu wa tabaka la nne, Mashudra, walizuiwa kabisa. Sheria moja ya kale ilisema kwamba Shudra akisikiliza Veda makusudi, masikio yake yajazwe risasi iliyoyeyushwa. Na chini ya Mashudra walikuwapo wengine wasiohesabiwa hata kuwa na tabaka, ambao kivuli chao tu kilidhaniwa kuwa najisi. Kwa watu hao, neno lililosemwa kuwa nuru ya akili lilikuwa kama taa ndani ya nyumba iliyofungwa.

Wapo walioutikisa mlango. Wafuasi wa Ramanuja, mwalimu mkuu wa kusini, husimulia kwamba alimwendea mwalimu mmoja mara 18 kabla ya kupewa mantra ya siri ya silabi nane, akaonywa kwamba akiitoa ataingia jehanamu. Mara akapanda juu ya mnara wa hekalu akawaita watu wote akaitangaza. Alipoulizwa, alisema kwamba yeye mmoja kuingia jehanamu ni jambo dogo ikiwa wote wale wataokoka. Na katika mji wa Banaras, katika karne ya 15, alikuwapo Kabir, mfumaji wa nguo aliyelelewa na Waislamu. Yasemekana alijilaza gizani katika ngazi za mto Ganges, hata mwalimu Ramananda akamkanyaga akashituka akalitaja jina la Mungu, "Ram!" Kabir akaondoka akisema amekwisha pewa mantra yake. Huenda hadithi hizi zimepambwa, lakini watu hawapambi ila jambo walilolitamani.

Ukuta ulibomoka zaidi katika karne ya 19. Kwanza ulikuja uchapaji: Max Müller, Mjerumani aliyefundisha Oxford, alichapisha Rigveda nzima pamoja na maelezo yake kati ya mwaka 1849 na 1874, naye hakupata kuitia machoni Bara Hindi. Kitabu dukani hakiulizi mnunuzi tabaka lake. Kisha akatokea Dayananda Saraswati, Brahmini wa Gujarat, aliyeanzisha chama cha Arya Samaj mjini Bombay mwaka wa 1875. Alifundisha kwamba Veda ni ya watu wote, wanaume kwa wanawake, Brahmini na Shudra, akatoa ushahidi wake katika Veda yenyewe. Chama hicho kilivuka bahari. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imejengwa miaka ya 1896 hadi 1901 kwa mikono ya vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na nyuma yao wakaja makarani, mafundi na wenye maduka. Mwaka wa 1903 Arya Samaj ilianzishwa Nairobi, wakati mji ule ulikuwa bado wa mabati na matope. Hivyo mantra zilizokuwa siri ya tabaka moja zikatamkwa kando ya moto wa sala katika nchi yetu, na katika chama hicho mke alikuwa na ruhusa kama mumewe.

Walakini tusidanganyike kwamba mambo yalikwisha hapo. Mwaka wa 1891 alizaliwa Bhimrao Ambedkar, mtoto wa kabila la Mahar, miongoni mwa wale wasioguswa. Shuleni aliketi mbali na wenzake, juu ya gunia, wala hakuruhusiwa kugusa chombo cha maji. Alitaka kusoma Kisanskriti, akakataliwa kwa ajili ya kuzaliwa kwake, akapewa Kiajemi badala yake. Alisoma Marekani na Uingereza, akarudi na shahada za juu, na bado wapo waliokataa kunywa maji pamoja naye. Tarehe 25 Desemba 1927, huko Mahad, yeye na wenzake walikichoma moto kitabu kile cha Manu. Baadaye aliongoza halmashauri iliyoandika katiba ya India, iliyoanza kutumika mwaka wa 1950, nayo ilipiga marufuku desturi ya kumhesabu mtu kuwa asiyegusika.

Katiba ilimpa haki, walakini moyo wake ulikuwa umekwisha ondoka. Tarehe 14 Oktoba 1956, katika uwanja wa Nagpur, Ambedkar aliingia dini ya Buddha. Mtawa mzee alimtamkia maneno ya kuingilia dini hiyo kwa lugha ya Kipali, naye akayarudia mara tatu kama ilivyo desturi. Kisha aliugeukia umati wa watu uliokuwa mbele yake, laki kadhaa, wengi wao wakulima na vibarua waliovaa nguo nyeupe, akawaambia walio tayari wasimame. Wakasimama. Akayatamka maneno yale kwa sauti, kifungu kwa kifungu, nao wakayarudia.