Deki ya Blu-ray inakataa diski mpya? Soma hii kabla hujaitupa

Swali ninaloulizwa sana na washkaji ni hili: kwa nini deki ya Blu-ray inacheza diski za zamani bila shida, halafu diski mpya kabisa inaigomea? Wengi wanakimbilia kusafisha lenzi au kugombana na muuzaji. Kumbe tatizo linaweza kuwa programu iliyomo ndani ya deki.

Kwanza tuelewane. Kama deki yako ni ya DVD tu, hakuna programu itakayoifanya isome Blu-ray. DVD inasomwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650, Blu-ray kwa mwanga wa zambarau wa nanomita 405. Hapo ni mashine nyingine tu.

Sasa deki ya Blu-ray yenyewe ni kompyuta ndogo. Filamu za dukani zimefungwa kwa kufuli linaloitwa AACS, na deki ina funguo za siri za kulifungua. Funguo zikivuja zinafutwa, na diski zinazotoka baada ya hapo hazizitambui tena. Mwaka 2007 funguo za WinDVD, programu ya kuchezea filamu kwenye kompyuta, zilivuja. Watumiaji wake wakaambiwa wasasishe, la sivyo filamu hazitacheza.

Oktoba mwaka huo huo likaja kufuli la pili, BD+. Ilipotoka Fantastic Four: Rise of the Silver Surfer, baadhi ya deki za Samsung na LG zikapata shida hadi zilipopewa programu mpya. Mwaka 2010 Avatar ikaleta kasheshe kama hiyo. Yaani mtu kanunua diski halali kwa hela yake, na bado haioni filamu!

Jinsi ya kuapdeti:

1. Soma namba kamili ya modeli nyuma ya deki, kisha angalia toleo la programu kwenye setingi.
2. Shusha faili kwenye tovuti ya mtengenezaji tu. Liwe la modeli yako hasa, siyo inayofanana nayo.
3. Liweke kwenye flashi kama maelekezo yanavyosema. Nyingi zinataka flashi ya FAT32. Baadhi ya deki za zamani zinataka ulichome kwenye CD.
4. Chunga umeme. Ukikatika katikati ya kazi, deki inaweza kufa moja kwa moja. Kama mtaani kwenu umeme haueleweki, tafuta UPS.

Angalizo kwa wanaonunua mtumba: kuapdeti hakubadilishi ukanda. Kwetu Afrika Mashariki DVD ni ukanda 5 na Blu-ray ni ukanda B. Deki za Japani ni 2 na A. Halafu umeme wa Japani ni volti 100, wa Tanzania ni 230. Kama deki imeandikwa 100V, ukiichomeka bila transfoma umeiunguza.

Pia usidhani kila kinachotoka kwa mtengenezaji ni salama. Juni 2020 deki nyingi za Samsung zilizounganishwa na intaneti zilianza kujizima na kujiwasha bila kukoma. Ilielezwa kuwa chanzo ni faili bovu zilizolishusha zenyewe, na kampuni ikalazimika kuzipokea kwa matengenezo. Ndiyo maana mimi nasema: deki ikicheza vizuri, ichomoe kwenye intaneti. Iapdeti pale tu diski inapogoma.

Mwisho, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Oppo waliacha kutengeneza deki mwaka 2018, na mwaka 2019 Samsung wakatangaza kuacha kutoa deki mpya kwa soko la Marekani. Mtengenezaji akiondoka, ukurasa wa mafaili nao unaweza kufungwa siku yoyote. Kwa hiyo ukiwa hapo kafe leo, shusha faili la mwisho la modeli yako, liweke kwenye flashi na ulitunze pamoja na diski zako. Siku ukilihitaji, huenda halipo tena kwenye intaneti.

Mwenye swali ataje modeli yake kwenye maoni.