FORD: Wazee, Vijana na Kiti Kimoja

Mnamo Agosti 1991, wanasiasa sita walitangaza jijini Nairobi kuundwa kwa Forum for the Restoration of Democracy, ambayo wananchi waliizoea haraka kwa jina la FORD. Sita hao ni Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Salim Bamahriz. Walitoka Nyanza, Magharibi, Kati, Mashariki na Pwani, na idadi yao ilipangwa. Sheria iliwataka watu kumi au zaidi wanaounda chama wakisajili kwanza, na serikali ya chama tawala, KANU, isingewasajili. Wakiwa sita, hawakuhitaji kibali cha mtu yeyote.

FORD ndiyo iliyolilazimisha taifa kurudi kwenye vyama vingi. Kizazi kilichozaliwa baada ya hapo kinapaswa kujua ilivyofanya hivyo, na pia kujua kwa nini ilivunjika kabla ya kuuonja ushindi wake.

Ngao na kalamu

Tangu Juni 1982, kifungu cha 2A cha katiba kiliifanya KANU kuwa chama pekee halali nchini Kenya. Mwaka 1988 wapiga kura waliambiwa wapange foleni hadharani nyuma ya wagombea au picha zao. Mfumo huo wa mlolongo uliacha uchungu mkubwa, kwa kuwa mahali pengi aliyekuwa na foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Mei 1990 wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walijitokeza kudai vyama vingi. Mwezi wa Julai wakatiwa kizuizini, na mkutano waliouitisha Kamukunji tarehe 7, siku inayokumbukwa kama Saba Saba, ukazimwa kwa marungu na risasi.

Hapo ndipo wanasheria na wanaharakati wa kizazi kipya walipowaendea wazee kama Jaramogi. Kulikuwa na Paul Muite, mwenyekiti wa Chama cha Mawakili; James Orengo, aliyewahi kuwa mbunge wa Ugenya; Gitobu Imanyara, mhariri wa jarida la Nairobi Law Monthly; msomi Peter Anyang' Nyong'o; na Raila Odinga, aliyekuwa amekaa kizuizini miaka mingi. Magazeti yaliwabandika jina la Young Turks, ingawa baadhi yao walikuwa wamevuka miaka 40.

Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho. Vijana walikuwa na sheria, kalamu na marafiki ughaibuni. Wazee walikuwa na majina. Mwanasheria kijana angeweza kutupwa rumande na kijiji chake kisisikie. Kumkamata Jaramogi, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, kulikuwa jambo la kuitikisa nchi nzima. Wazee wakawa ngao, vijana wakawa kalamu, na kwa miezi michache mpango huo ulifanya kazi vizuri ajabu.

Novemba 16, 1991, FORD iliitisha mkutano Kamukunji bila kibali. Polisi waliuzuia na viongozi wakakamatwa, lakini dunia iliona. Kabla mwezi haujaisha, wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya kwa Kenya. Mapema Desemba, Rais Moi aliwaambia wajumbe wa KANU waliokutana Kasarani kwamba kifungu cha 2A kifutwe, na Bunge likakifuta mwezi huohuo. Mkutano wa kwanza wa FORD ulioruhusiwa, Januari 1992, ulijaza Kamukunji pomoni, watu wakinyoosha vidole viwili juu kujibu kidole kimoja cha KANU.

Kiti kilipoonekana

Matatizo yalianza pale Ikulu ilipoonekana kuwa karibu. Jaramogi alikuwa mwenyekiti wa muda, Muliro makamu wake na Shikuku katibu mkuu. Matiba, aliyepatwa na kiharusi akiwa kizuizini, alirejea kutoka London Mei 1992 na kupokewa na umati mkubwa. Yeye pia aliutaka urais, na hakuona sababu ya kumngoja mtu.

Mvutano ulijikita kwenye swali moja: nani atamchagua mgombea? Matiba na Shikuku walitaka kila mwanachama apige kura ya siri. Upande wa Jaramogi ulitaka wajumbe. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Baada ya machungu ya mlolongo, mwananchi alikuwa na haki ya kudai kura yake mwenyewe. Lakini chama chenye umri wa miezi michache, kisicho na daftari la wanachama la kutegemewa, kingejuaje nani ni mwanachama na nani katumwa? Laiti swali hilo lingejibiwa Agosti 1991, lingekuwa suala la utaratibu tu. Liliulizwa mwaka mmoja baadaye, kila upande ukijua ni jibu lipi litampa mtu wake tiketi.

Wengi husimulia mgogoro huu kama vita vya vijana dhidi ya wazee. Ukweli haukunyooka hivyo. Vinara wa Young Turks, waliozungumzia mageuzi kuliko wote, walisimama na mwanasiasa mkongwe kuliko wote, na katika mrengo wa Jaramogi Muite akawa makamu wa kwanza wa mwenyekiti na Imanyara katibu mkuu. Shikuku, mzee wa upinzani aliyetiwa kizuizini mwaka 1975 kwa kutamka bungeni kwamba KANU imekufa, akaenda na Matiba. Ukabila nao uliingia, kila mrengo ukihesabu kura za kwao.

Agosti 14, 1992, Muliro alifariki ghafla katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akitokea London. Mmoja wa wazee ambao wangeweza kuwaketisha mahasimu pamoja akawa ametoweka. Tayari kulikuwa na makao makuu mawili, Agip House kwa Jaramogi na Muthithi House kwa Matiba. Ilipofika Oktoba, vyama viwili vilikuwa vimesajiliwa: FORD-Kenya na FORD-Asili.

Hesabu ya Desemba 29

Uchaguzi ulifanyika Desemba 29, 1992. Moi alipata kura 1,962,866, takriban asilimia 36. Matiba alipata asilimia 26, Mwai Kibaki wa chama cha DP asilimia 19 na Jaramogi asilimia 17. Uchaguzi ule ulikuwa na kasoro nyingi, na hakuna awezaye kuapa kwamba kila aliyempigia Matiba angempigia Jaramogi. Hata hivyo kura za FORD mbili kwa pamoja zilizidi za Moi kwa zaidi ya laki tatu. KANU ilirudi Bungeni na viti 100 kati ya 188. Kila FORD ilipata 31.

Mgawanyiko haukukoma hapo. Mwaka 1993 Jaramogi alitangaza ushirikiano na KANU, kisha akakiri kupokea mchango kutoka kwa Kamlesh Pattni, mfanyabiashara wa kashfa ya kifedha ya Goldenberg. Muite na Imanyara walijiuzulu nyadhifa zao. Jaramogi alipofariki Januari 1994, Michael Kijana Wamalwa alichukua uongozi wa FORD-Kenya, Raila akampinga, na mkutano wa chama mjini Thika mwaka 1995 ukaishia kwa vurugu. Mwishoni mwa 1996 Raila aligura na kwenda chama cha NDP. Wote wawili walikuwa wa kizazi kipya. Hapakuwa na mzee wa kulaumiwa.

Funzo

Jaramogi mwenyewe aliwahi kuumizwa na kanuni za chama. Mwaka 1966, katika mkutano wa KANU huko Limuru, wakuu wa chama waliibadilisha katiba, wadhifa wake wa makamu wa rais wa chama ukagawanywa vipande vinane vya mikoa, naye akalazimika kuondoka na kuunda chama cha KPU. Alijua kuliko yeyote maana ya kanuni zinazoandikwa kiti kikiwa tayari kinagombewa. Hata hivyo FORD haikujiandikia kanuni za kurithishana uongozi wakati bado watu wake walikuwa wanaaminiana.

Kwa hiyo tuwaenzi wote, wazee waliojitoa kuwa ngao na vijana waliojitoa kuwa kalamu, maana uhuru wa kusema tulio nao ni jasho lao. Na kwa kijana anayeingia chama chochote leo: kabla ya kudai nafasi ya mzee, dai daftari la wanachama, dai tarehe ya uchaguzi wa ndani, dai kanuni ya nani anapiga kura. Nawe mzee uliye kitini, zikubali kanuni hizo mapema, kabla hujajua zitamnufaisha nani.