Leso Sita na Pazia la Chumbani

Kabla ya kuitwa kanga, ilikuwa leso za kushonwa. Katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa urembo. Hata neno leso lenyewe tumelipata kwa Wareno. Leso hizo ziliuzwa kwenye jora, bado hazijakatwa. Mnunuzi alichukua sita, akazigawa tatu kwa tatu, akaziunga ubavu kwa ubavu, akapata nguo moja ya kujifunga. Waliopenda mambo hawakuridhika na leso sita za namna moja. Walitafuta za maua hapa na za madoa pale, wakashona nguo ambayo jirani hana.

Naanzia huko kwa sababu siku hizi mto wa mistari juu ya kochi la maua unahesabiwa kuwa fasheni mpya, na wengine wanauona kosa. Fundi aliyenishonea mapazia alinikatalia katakata: maua na mistari, alisema, haviketi pamoja. Nikanyamaza. Hadi leo sebule yangu inafanana na chumba cha kumsubiria daktari.

Pwani ya zamani isingeweza kuishika sheria ya fundi huyo. Vitu vya nyumbani vilishuka jahazini, kila kimoja kutoka bandari yake. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alivieleza vyumba vya Unguja katika kumbukumbu zake zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886: kuta zenye mashubaka yaliyojaa vyombo vya kaure na bilauri, vioo, mazulia ya Kiajemi, vitanda virefu vya kazi ya Kihindi. Hakuna aliyeagiza vyote hivyo kwa seti moja.

Nguo zisizo na urembo zilikuwa na maana yake, tena chungu. Merikani, pamba nyeupe iliyoletwa na meli za Marekani, na kaniki, ile ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, zilikuwa mavazi ya watumwa na mafukara. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wengi waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakajifunga kanga. Maua yakawa namna ya kuonekana mtu huru.

Na kanga haifii mwilini. Huuzwa doti, yaani mbili zilizo pacha, na mwenye doti daima ana kipande cha ziada. Kikichakaa kidogo huwa foronya, shuka ya mtoto, au pazia la mlango wa chumba. Hapo ndipo mchanganyiko unapoanza: pazia lenye urembo wa korosho, kitanda cha maua, na mkeka wa ukili wenye miraba ya rangi chini yake.

Kwa nini macho hayachoki? Jibu langu ni pindo. Kila kanga ina pindo pande zote nne, na katikati kuna mji wenye urembo wake. Pindo hufanya kazi ya ua wa nyumba: kila mwenye mji hukaa ndani ya mipaka yake, hata majirani wawe wageni namna gani. Ukikata kanga kwa ajili ya mto ukatupa pindo, umebomoa ua. Mafundi wengi hulitupa.

Hata majina yanaunganisha kanga na pazia: kisutu, kanga ya bibi harusi yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni ndugu wa msutu, lile pazia la kuzungushia kitanda. Sikio tu linatosha kusikia udugu huo. Kisutu cha asili hakina jina, yaani maandishi. Kanga nyingine zilianza kuandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Kwa hiyo pazia la kanga lina neno la kusema, na mgeni anayesubiri chai hulisoma.

Ukitaka kujaribu, usianze na duka la mapambo. Fungua sanduku la mama, toa kanga tatu zisizofanana, zipange pindo kwa pindo, kisha tafuta rangi moja inayojirudia kwenye zote. Ukiipata, mpelekee fundi. Akikataa, tafuta fundi mwingine.