Swopu: Ghala la Kumbukumbu

Swopu ni sehemu ya diski inayopokea data zisizotumika kwa wakati huo, kumbukumbu kuu inapojaa. Wapagazi wa misafara walioshuka kutoka bara walitua mizigo yao Bagamoyo. Kompyuta nayo hutua yake kwenye diski, ila huifuata tena polepole, kwa kuwa diski haina kasi ya kumbukumbu.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko mfumo endeshi wa Linux. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Manchester mwaka 1962, ilihamisha kurasa za data kati ya kumbukumbu na ngoma ya sumaku. Linux iliupata uwezo huo Januari 1992, katika toleo la 0.12. Muundaji wake, Linus Torvalds, aliuandika wakati wa Krismasi kwa ajili ya mtumiaji wa Ujerumani aliyekuwa na megabaiti 2 tu za kumbukumbu.

Kanuni ya zamani ilidai swopu iwe maradufu ya kumbukumbu. Kwa mashine ya gigabaiti 16, hiyo ni kupoteza nafasi bure.

Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, iliacha kutenga sehemu maalumu ya diski mwaka 2017, ikatumia faili ambalo ni rahisi kupanuliwa. Aina nyingine, Fedora 33, mwaka 2020 ilichagua zram, inayobana data ndani ya kumbukumbu yenyewe. Kompyuta ya mezani yenye kumbukumbu ndogo hufaidika zaidi na njia hiyo.