Chombo Kisicho na Usukani

Baharia aliyelelewa na ngalawa hukijua chombo chake kwa viungo vyake: matengo ya kukizuia kisipinduke, tanga la kukiendesha, na usukani wa kukiongoza. Kayaki ya Greenland haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Ni chombo cha mtu mmoja, urefu wake kiasi cha mita 5, na upana wake aghalabu haupindukii nusu mita. Mifupa yake ilikuwa mbao zilizoletwa na bahari na kuokotwa ufukweni, kwani nchi ile haina misitu ya kukata. Na gamba lake lilikuwa ngozi za sili, zilizoshonwa na wanawake kwa mshono usiopitisha tone. Mababu wa Wainuiti wa leo walifika nacho huko yapata karne ya 13, wakawa wakiwinda nacho katika maji ya barafu. Njia waliishikaje?

Jawabu limo katika mwili wa mwindaji. Kayaki ilipimwa kwa kiwiliwili cha mwenyewe, kama fundi apimavyo kanzu, hata nyonga na mapaja yakabana ndani; akiegemea mtu, chombo nacho huegemea.

Kayaki iendayo mbele huku upepo ukiipiga ubavuni hupenda kugeuza omo kule upepo utokako. Sababu yake ni nyepesi kuifahamu. Omo hukata maji mapya, nayo yakaishika. Tezi hufuata katika maji yaliyokwisha kuvurugwa, haina cha kuishikilia, upepo ukaisukumia demani. Mwindaji hakushindana na jambo hili kwa mabavu. Alikilaza chombo kidogo upande wa joshi, na umbo lililozama likakipinda kurudi njiani. Akatelezesha kafi mikononi mpaka bapa la joshi likafika mbali zaidi, akapiga pigo pana la nusu duara, kutoka omoni hadi tezini. Mzigo nao ulikuwa na kazi yake: ukisogezwa nyuma, tezi huzama na kushika maji. Wimbi la nyuma ndilo lenye hila kubwa, kwani huinyanyua tezi, omo ikachimba, na chombo kikageuka ubavu mbele ya wimbi. Hapo ilitakiwa subira ya mshairi anayengoja kina chake: kukigeuza chombo kikiwa juu ya mgongo wa wimbi, ncha zake mbili zikiwa nje ya maji, na si kabla wala baada.

Aliyekosea alipinduka, na kupinduka nako kulikuwa na elimu yake. David Crantz, aliyechapisha historia yake ya Greenland mwaka 1765, alieleza namna 10 za kurejea juu bila kutoka chomboni. Wingi huo haukuwa wa mchezo. Pengine kafi limepotea, pengine mkono mmoja umenaswa na kamba ya chusa. Kila ajali ilidai dawa yake.

Karne ya 19 bunduki zilipoenea miongoni mwa wawindaji, ilizuka taabu mpya. Chusa hurushwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukabaki na kafi. Bunduki hutaka yote miwili, na katika muda ule mfupi wa kulenga shabaha upepo hukigeuza chombo. Ndipo pwani ya magharibi wakaanza kufunga pezi la ubao chini ya tezi, ili kayaki imwelekee sili wakati hakuna mkono wa kuiongoza. Wapo wanaoliona pezi lile kuwa ni maendeleo tu. Kwa haki zaidi laweza kuitwa fidia: chombo kililipwa kwa ubao kile kilichonyang'anywa mikononi.

Lakini khatari iliyowatisha wengi haikutoka kwenye upepo wala mawimbi. Ilikuja siku ya shwari. Bahari imelala kama kioo, jua liko usoni, mwindaji ametulia akimngoja sili aibuke. Ghafla hajui tena maji yanaishia wapi na mbingu zinaanzia wapi. Huona omo ikiinuka, huhisi chombo kikijaa maji ilhali ni kikavu, na mikono humfa ganzi asiweze kuinua kafi. Madaktari wa Kidenmark waliuandika ugonjwa huu katika karne ya 19, na mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Alfred Bertelsen aliuchunguza kwa makini. Wapo walioisingizia kahawa na tumbaku, shutuma ambayo mabarazani kwetu isingepata mashahidi. Mwanamume aliyeshikwa nao mara kwa mara aliiacha bahari, na nyumba iliyoiacha bahari katika nchi ile ilikuwa nyumba ya njaa.

Waliopona walisimulia jambo moja: upepo mdogo ukivuma na kuukunja uso wa maji, fahamu hurudi, na mwili ukapata tena cha kuegemea. Usipovuma, aliyenaswa hukaa vile vile bila kutikisika, akiogopa hata kugeuza shingo, mpaka mwindaji mwenzake amwone kwa mbali, apige kafi kumwendea, akae naye ubavu kwa ubavu, kisha waondoke pamoja taratibu kuelekea pwani.